Kujenga Modeli za Meli za Mbao Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizana sana sisi tunaojenga modeli za meli za mbao hapa mjini, iwe barazani, kwenye simu au tukikutana kwa muuza mbao. Mengi yanakuja kama maswali ya ufundi, lakini ukimsikiliza vizuri anayeuliza utakuta mara nyingi anajua la kufanya. Anachotafuta ni mwenzake wa kumwambia aendelee. Wanaoacha kazi hii hawaachi kwa kukosa mikono. Wanaacha kwa sababu walifika katikati wakiwa peke yao. Kwa hiyo nimejibu yote mawili, la mbao na la moyo.

Sijawahi kushika hata patasi. Nitaweza kweli?

Utaweza. Kazi hii haitaki nguvu wala kipaji cha kuzaliwa nacho. Inataka subira, na macho yanayotazama kitu mpaka yakione. Mafundi cherehani huizoea haraka kwa sababu tayari wanajua kupima vizuri kabla ya kukata. Niliowaona wakifika mbali ni wale wanaofanya kidogo kila siku: leo mataruma mawili (mbavu za chombo), kesho msasa tu, keshokutwa kuunganisha. Saa moja jioni baada ya kurudi kazini inatosha kabisa. Na usijipime na modeli unazoziona pichani, maana aliyejenga ile ana vyombo vingine vingi nyuma yake ambavyo hukuonyeshwa.

Nianze na chombo gani?

Ngalawa. Nimeulizwa hili na vijana na wastaafu, na jibu langu halijabadilika. Ngalawa ni mtumbwi mmoja wa kuchonga, mirengu miwili (miti ya kukingama), ndubi mbili (mbao za kuelea pembeni zinazoshikwa na mirengu), mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga. Ndani ya chombo hicho kimoja unajifunza kuchonga, kuunganisha, kufunga kamba na kukata tanga. Na zaidi ya yote, inamalizika. Aliyemaliza kitu kimoja, hata kiwe kidogo, ana nguvu ya kuanza cha pili.

Baada ya ngalawa, jenga mashua au dau lenye mbao chache. Wengi huja wakitaka kuanza na Victory ya Waingereza, meli iliyoshushwa majini mwaka 1765 na yenye mizinga zaidi ya 100, au Cutty Sark ya mwaka 1869 yenye msitu wa kamba. Ndoto hizo ni halali, zishike. Bandika picha yake ukutani juu ya meza yako, kisha ukae chini uchonge ngalawa.

Nyumbani wanasema huu ni mchezo wa watoto.

Ni kweli watoto wa pwani wanachonga vijahazi na kuvishindanisha majini, na wengine wao ndio huja kuwa mafundi wa vyombo vya kweli. Lakini jeshi la maji la Uingereza lilikuwa likitengenezewa modeli za meli zake tangu karne ya 17, na leo watafiti wanazitazama modeli hizo kujua meli zilizokwisha kuoza zilikuwaje. Usibishane na watu wa nyumbani. Maliza chombo kimoja, kiweke sebuleni, wageni waanze kuuliza.

Mbao nzuri nitazipata wapi, na ipi inafaa?

Anzia Keko. Karakana za samani kule zinapasua mbao kutwa nzima, na vipande ambavyo fundi wa vitanda hana kazi navyo ndivyo vinavyotutosha sisi. Nenda asubuhi kabla havijaishia jikoni. Salimia, eleza unachofanya, onyesha picha kwenye simu au chombo chenyewe kama unacho. Seremala akiona mashua ya urefu wa kiganja, na yeye anaingiwa na hamu, na mara nyingi atakupasulia fito kwenye mashine kwa bei ndogo tu. Mwambie unataka unene wa milimita 2 na upana wa milimita 5 au 6, na uzi wa mbao uwe umenyooka. Huo uzi ni muhimu kuliko aina ya mti. Ufito wenye uzi uliopinda utakatika ukianza kuukunja, hata ungekuwa wa mti wa thamani namna gani.

Msonobari ni rahisi, unakunjika na unakubali kisu. Unafaa kwa tabaka la ndani, lile litakalofunikwa na mbao nyingine, na kwa kujifunzia. Mkangazi na mninga zinapendeza nje. Mtiki una mafuta, ufute kwa thina kabla ya kutia gundi, la sivyo utaachia. Vumbi la mvule na la mninga linawasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa unaposugua, hata kama ni dakika tano. Mpingo uulizie kwa wachongaji wa Mwenge. Ni mzito kiasi cha kuzama majini na unamaliza makali ya kisu, lakini kwa kapi ndogo na vigingi vya kufungia kamba sijaona mti unaouzidi: ukiusugua unang'aa wenyewe bila vanishi. Na usividharau vijiti vya mishikaki. Ni mianzi, vimenyooka, vina nguvu, vinafaa kwa pini za kushikia mbao na kwa milingoti ya vyombo vidogo.

Vifaa je?

Kisu chenye wembe wa kubadilisha, msumeno mdogo wa meno laini, tupa ndogo, msasa namba 120, 240 na 400, rula ya chuma, keekee ndogo ya mkono, gundi nyeupe ya mbao na vibanio vingi vya nguo. Vyote viko Kariakoo. Mashine utanunua baadaye ukiona unaihitaji. Wengine hawaihitaji kamwe.

Uwiano wa 1:48 maana yake nini?

Kila sentimita 48 za chombo halisi zinakuwa sentimita 1 kwenye modeli yako. Jahazi la mita 12 linakuwa na sentimita 25. Ukitumia 1:24, jahazi hilohilo linafika nusu mita, na hapo unaweza kuonyesha misumari na mafundo. Kuna njia nzuri ya kujikagua: mtu wa sentimita 170 kwenye 1:48 ana urefu wa sentimita tatu na nusu. Mchonge kwa kijiti, umsimamishe sitahani. Kama ukingo wa chombo unamfika shingoni wakati baharini unamfika mapajani, umeona tatizo mapema. Na kamba pia inafuata uwiano: ya milimita 24 inakuwa nusu milimita tu, ndiyo maana uzi mnene unaiharibu modeli hata kama mbao zimekaa vizuri.

Nimefika kwenye mbao za ubavu na zinanishinda. Zinapinda vibaya omo (mbele ya chombo), zinaacha nyufa, nataka kuacha.

Hapa ndipo wengi wanapoishia, na ndiyo maana jibu hili ni refu. Usiache. Mara nyingi shida haiko mkononi mwako, iko kwenye hesabu ambayo haikufanywa kabla ya kubandika ubao wa kwanza.

Chombo ni kinene katikati na chembamba omo. Fito zenye upana uleule mwanzo hadi mwisho haziwezi kuenea; zitapandiana. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uulaze juu ya taruma la katikati kuanzia ukingo wa sitaha hadi kwenye mkuku (mti mrefu wa chini kabisa ya chombo), utie alama, upime. Tuseme umepata milimita 100. Kwa fito za milimita 5, unahitaji fito 20. Sasa pima vivyo hivyo taruma la kwanza kule omo. Tuseme umepata milimita 60. Fito zilezile 20 lazima zienee hapo, kwa hiyo kila mmoja uwe na milimita 3 ukifika omo. Basi unaziranda taratibu, 5 katikati, 3 mbele. Usishuke chini ya nusu ya upana wa mwanzo, maana ncha nyembamba sana haishiki pini wala gundi. Ikilazimu kushuka zaidi, punguza idadi: fito mbili ziishie ndani ya mmoja mpana. Kule tezi, yaani nyuma, unaweza kukuta kinyume chake, nafasi imezidi, na hapo unaingiza kabari nyembamba.

Kabla ya gundi, laza ufito mmoja mkavu juu ya mataruma yote na ushike taa nyuma yake. Panapopita mwanga, taruma hilo bado halijasuguliwa kwa mshazari unaotakiwa. Endelea kusugua hadi ufito ulale bapa juu ya kila moja. Kazi hii inachosha, na hakuna atakayeiona, lakini ndiyo inayoamua sura ya chombo.

Ufito wa omo uloweke kwenye maji ya moto kwa robo saa, ukunje taratibu kuzunguka chupa yenye maji ya moto, kisha uubane mahali pake kwa vibanio bila gundi na uuache hadi kesho. Ukikauka utashika umbo. Ukiubandika ukiwa mbichi utasinyaa na ufa utatokea, na hapo utadhani ulikosea kupima. Bandika mmoja kulia, mmoja kushoto, usimalize upande mmoja kwanza, kwa sababu mkuku utapinda kama ndizi na hautanyooka tena. Na ubao wa chini kabisa, ule unaogusa mkuku, usiuache upande juu sana omo. Ukipanda, unawasukuma wenzake wote, na ndio chanzo cha fujo unayoiona juu.

Nyufa zilizokwisha kutokea zijaze kwa vumbi la msasa la mbao hiyohiyo lililochanganywa na gundi, kisha usugue. Kama ni tabaka la ndani na juu yake litakuja lingine, zitafunikwa zote.

Na jambo la mwisho kuhusu hili: kila chombo kinapofika nusu ya mbao ni kibaya, cha kila mtu, hata cha fundi mwenye miaka yake. Watu hupiga picha mwanzo na mwisho, katikati hawaonyeshi. Ukichoka, kiweke pembeni siku mbili, chonga mlingoti, halafu urudi. Au mwite mwenzako aje ashike upande mmoja wakati wewe unabana. Mikono minne inafanya kazi hii kwa raha sana.

Nimeona kosa baada ya gundi kukauka. Nibomoe?

Jiulize kama litaharibu hatua inayofuata. Kama ndiyo, kwa mfano mkuku haujanyooka au taruma limekaa upande, bomoa leo, maana kila siku inayopita unalijengea juu. Gundi nyeupe inalegea ukiipaka spiriti au maji ya moto kwa brashi na kusubiri. Kama ni la sura tu, acha usiku upite kwanza. Makosa mengi ya usiku, asubuhi yanaonekana madogo.

Naona aibu kuonyesha kazi ambayo haijaisha.

Onyesha hivyohivyo. Kazi iliyokwisha haiwezi kushauriwa, inaweza kupongezwa tu. Ukionyesha mataruma yakiwa wazi, mtu atakuambia la tatu limeinama kabla hujalifunika, na atakuwa amekuokolea mwezi mzima. Mtafute mmoja unayemwamini uanze na yeye, halafu wengine watafuata.

Mwenzangu ameniomba maoni na kazi yake ina kasoro. Nimwambie nini?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu anayeuliza hivi tayari anajali.

Anza na kitu ulichokiona kweli, na ukitaje. "Hongera, nzuri sana" ni maneno ya heri lakini hayamsaidii. Mwambie, "Kaka, mstari wa ubao wa tatu umekaa sawa toka omo hadi tezi, uliufanyaje?" Hapo atajua umetazama, na atakueleza, na pengine wewe ndiye utakayejifunza. Kisha omba ruhusa: "Naweza kusema kitu kuhusu mlingoti?" Akikubali, taja kasoro moja, iliyo kubwa, na uitaje pamoja na njia ya kuitengeneza. Kasoro tano kwa mpigo zinamlemea mtu, na nne kati yake atazigundua mwenyewe.

Kwa mkubwa wako, uliza badala ya kusahihisha: "Shikamoo mzee, naomba kujifunza, hapa umeacha nafasi kwa makusudi?" Huenda ana sababu. Kwa mdogo, usimwambie atupe aanze upya, hata kama wewe ungeanza upya. Na lolote gumu mwambie pembeni. Anayetolewa kasoro mbele ya watu anajifunza kuficha, na akianza kuficha tumempoteza.

Lakini ukweli usiumeze. Kumsifia mtu chombo ambacho unajua kitaachia wiki ijayo si upendo.

Modeli yangu iko juu ya kabati miaka sasa. Nina haki ya kuirudia?

Ni yako, ishushe. Futa vumbi kwa brashi laini, kagua viungo kwa kuvigusa kimojakimoja, na vilivyolegea vitie gundi upya. Siku ya kwanza usijenge chochote. Safisha tu na uandike kwenye karatasi hatua tatu zinazofuata. Waliorudi hivi baada ya msiba, uhamisho au mtoto kuzaliwa ni wengi, na mikono haisahau kama watu wanavyodhani.

Nataka kujenga jahazi au mashua ya kwetu lakini sipati michoro.

Mafundi wetu wa vyombo wamejenga kwa jicho na kwa kipimo cha mkono, si kwa karatasi. Mchoro wako uko ufukweni. Nenda Msasani, Kunduchi au karibu na Feri maji yakiwa yamekupwa, vyombo vinapolala mchangani na kuonekana kuanzia mkuku hadi ukingo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanatoka mbali zaidi na unapata muda mrefu wa kupima.

Msalimie nahodha au fundi kwanza, umweleze, uombe ruhusa ya kupima na kupiga picha. Maeneo ya bandari yana ulinzi, kwa hiyo kamera isitoke kabla ya ruhusa. Pima urefu wote, upana sehemu tatu, kina, na mlingoti umesimama umbali gani kutoka omo. Piga picha moja ubavuni kabisa na moja mbele kabisa, ukiwa umesimamisha fimbo ya mita moja kando ya chombo. Kwa fimbo hiyo utapata vipimo vyote vingine nyumbani. Kisha kaa usikilize. Mzee anayekalafati, anayesokota pamba na kuipigilia katikati ya mbao, atakuambia kwa nini ubao ule ni mpana kuliko ule, na hilo hutalipata popote pengine.

Tazama hasa mlingoti. Wa jahazi unainamia mbele, na modeli nyingi zinazouzwa kwa watalii zimeusimamisha wima, ndiyo maana zinaonekana ngeni bila mtu kujua kwa nini. Tazama pia foromali: mara nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, na mafundo hayo ni pambo zuri kwenye modeli. Ukipata nafasi ya kusafiri, Bagamoyo na Nungwi bado utakuta vyombo vinaundwa.

Wenye moyo wa juu zaidi hujaribu mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe mmoja uliundwa upya mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kushona modeli ya mtepe ni kazi ya sindano na subira kubwa. Natamani tupate watu wengi wa kuijaribu hapa mjini.

Tanga na kamba nitumie nini?

Tanga: kitambaa cha marekani, nyembamba, iliyofuliwa mara kadhaa ilainike, kisha ichovywe kwenye chai ya rangi ili ipoteze weupe wa dukani. Shona mistari kwa mkono au mashine kuonyesha vipande vilivyoungwa. Kamba: uzi wa kushonea uliosokotwa na kupitishwa kwenye nta ya nyuki, ili nyuzinyuzi zilale. Uzi wa pamba mtupu unakaza na kulegea kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, kwa hiyo henza (kamba ya kupandishia tanga) na kamba nyingine zenye mvuto zifunge kwa uzi wa poliesta.

Hali ya hewa yetu haiharibu modeli?

Inaharibu usipojiandaa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mbao zinavimba; kiangazi zinasinyaa. Paka sila au vanishi nje na ndani, kabla hujafunga sitaha, ili mbao isinywe unyevu upande mmoja tu. Usiiweke dirishani wala chini ya kiyoyozi. Ukiona unga mdogo umeanguka chini ya chombo, kuna mdudu. Kifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza wiki mbili.

Seti za kutoka nje zinafaa?

Zinafaa, na zinafundisha mpangilio. Billing Boats ya Denmark, Artesanía Latina ya Hispania na Amati ya Italia ni majina ya siku nyingi. Piga hesabu ya usafirishaji na ushuru wa forodha kabla hujalipia. Kama kuna ndugu anarudi safari, mwombe aibebe.

Mtoto wangu anataka kusaidia. Nimpe kazi gani?

Msasa, kupaka rangi, kuloweka fito, kuhesabu pini. Wembe na gundi ya haraka viwe mbali naye. Bora zaidi, mjengee na yeye kijahazi chake cha kuelea kwa mbao laini, kisicho na urembo, na umwachie akiharibu na kukitengeneza. Kitapinduka mara ya kwanza kwa sababu hakina uzito chini. Tumia chubwi za wavuvi: zifunge kwenye mkuku moja moja, chombo kikiwa ndani ya beseni, mpaka kikae wima hata mkikipulizia tangani. Chubwi ni za madini ya risasi, kwa hiyo uzishike wewe na mnawe mikono baadaye. Kikishasimama vizuri kwenye beseni, kifungeni uzi mrefu wa mshipi tezini na mkipeleke Coco Beach asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo.